Asilimia mbili ya nini?

Kiinua mgongo changu kiliingia benki Jumanne moja saa nne asubuhi, nikiwa kwa fundi viatu pale Msamvu, Morogoro. Simu ikatetemeka mfukoni. Nikasoma ujumbe, nikairudisha simu mfukoni, nikaitoa tena kuhesabu sifuri. Fundi akaniangalia usoni, akauliza, "Mwalimu, kuna msiba?" Nikamwambia hapana, wewe shona.

Nimefundisha hesabu sekondari kwa miaka 34, tangu Novemba 1990 hadi Novemba 2024. Kwa hiyo kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu ya pensheni, hakikunitoa jasho kama kilivyowatoa wenzangu. Wao walikuwa wanagombana nacho kwenye magrupu ya WhatsApp, mimi nilishakipiga kwenye daftari zamani. Miezi ya utumishi 408. Wastani wa mshahara kwa miaka yangu mitatu bora, shilingi 20,400,000 kwa mwaka. Zidisha, gawanya kwa 580, unapata pensheni kamili ya mwaka 14,350,000 na ushee. Asilimia 40 yake mara 12.5 ndiyo mkupuo, fedha unayopewa mara moja: kama shilingi 71,750,000. Asilimia 60 inayobaki inagawanywa kwa miezi 12, nami napata 717,000 kila mwezi mpaka Mungu atakaponiita. Waliostaafu kati ya Julai 2022 na Julai 2024, mkupuo ukiwa asilimia 33, wakisoma hapa naomba radhi. Kalenda tu ndiyo iliyonibeba.

Lakini kujua fedha zako ni ngapi hakukufundishi uzifanyie nini. Niliogopa, nakiri. Mtu uliyezoea mshahara unaoisha tarehe 18, ukikabidhiwa milioni sabini na moja kwa siku moja, unaanza kuwaona watu kwa jicho jingine. Shemeji yangu alikuja na hoja ya Fuso la kubeba machungwa ya Muheza. Jirani ana viwanja Kihonda, "vimebaki viwili tu". Kuna aliyenitumia video ya mtu anayeahidi kuzidisha fedha mara mbili kwa miezi mitatu, na huyo sikumjibu, maana sisi tuliokuwa kazini mwaka 2009 tunaikumbuka DECI, ule mchezo wa upatu, watu walivyokimbilia kupanda mbegu na jinsi walivyolia serikali ilipoisimamisha.

Ndipo akaja kijana wangu.

"Shikamoo Mwalimu. Hunikumbuki? Fomu Tatu B, mwaka 2009. Nilikuwa nakaa nyuma, karibu na dirisha." Sikumkumbuka, ila nikasema namkumbuka. Alivaa tai. Kadi yake ilisema ni mshauri wa uwekezaji na mipango ya kustaafu. Akaketi sebuleni, akanywa chai na maandazi manne, akamwita mke wangu mama, akafungua kompyuta yenye michoro ya rangi inayopanda kuelekea kulia. Michoro ya namna hiyo yote hupanda kuelekea kulia. Mpango wake ulikuwa hivi: katika milioni 60 nitakazompa, 25 ziende kwenye vipande vya mfuko wa pamoja, ambako fedha za watu wengi huwekezwa kwa pamoja, 35 ziende kwenye mpango wa akiba na bima wa miaka kumi. Yeye na kampuni yake watanisimamia. Ada ni asilimia mbili kwa mwaka tu.

Hilo "tu" ndilo lililoniamsha.

"Asilimia mbili ya nini?" nikamuuliza.

"Ya fedha inayosimamiwa, Mwalimu."

"Ya faida, au ya fedha yote?"

"Ya yote."

"Hata mwaka ambao haijazaa kitu?"

Akamega andazi.

Swali hilo nimewauliza wanafunzi wa Fomu Moja kila Februari kwa miaka 34. Mtoto anaandika "20%" ubaoni, nami nauliza ya nini, darasa linanyamaza. Nikaona aibu kidogo kwamba huyu alipita mikononi mwangu, kisha nikaona aibu zaidi kwamba nilikuwa nimebakiza dakika tano kusaini bila kuuliza.

Usiku ule mama watoto amelala, nikachukua daftari. Asilimia mbili ya milioni 60 ni shilingi 1,200,000 kwa mwaka, yaani laki moja kila mwezi. Kijana anayeniangalizia kuku namlipa elfu themanini, naye anakuja kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Tuendelee. Tuchukue kwamba fedha inazaa asilimia 12 kwa mwaka. (Hesabu zangu zote hapa zinatumia 12, nisije nikakosana na mnada wa mwezi ujao wa hatifungani, yaani mikopo ambayo watu huikopesha serikali kwa riba.) Milioni 60 zinazaa milioni 7.2. Ukitoa ile 1.2, umempa mshauri moja ya sita ya mapato yako. Mtu hakwambii "nipe moja ya sita ya unachovuna", maana ungefunga mlango. Anakwambia mbili kwa mia. Na katika ile 12 kuna mfumuko wa bei, ambao hapa kwetu mwaka 2024 ulikuwa kama asilimia 3. Kwa hiyo kinachokufanya uwe na nafuu kweli ni 9, na katika 9 hizo anachukua 2.

Nikafanya hesabu nyingine ambayo iliniondolea usingizi kabisa. Milioni 20, usiziguse, faida irudi ndani, miaka 15. Kwa asilimia 12 zinafika milioni 109 na nusu. Kwa asilimia 10, baada ya mshauri kula zake mbili, zinafika milioni 83 na nusu. Tofauti ni milioni 26. Nilianza na 20! Ada, pamoja na faida ambayo ingezaa, imekuwa kubwa kuliko mtaji, na sikuwahi kutoa noti hata moja mfukoni kumlipa mtu. Ilikuwa inakatwa kimyakimya huko ndani.

Na vile vipande vyenyewe havihitaji mtu wa kukushika mkono. Mfuko wa Umoja wa UTT, taasisi ya serikali inayosimamia mifuko ya pamoja, umekuwepo tangu 2005, bei ya kipande hutangazwa kila siku ya kazi, na bei hiyo ni baada ya gharama za msimamizi wa mfuko kutolewa. Kuna anayechagua hisa na hatifungani kwa niaba yako, na ameshalipwa. Mshauri akikuweka humo kisha akakutoza asilimia mbili zake, unalipia nauli mara mbili kwenye basi lile lile. Kazi aliyofanya ni kujaza fomu.

Siku iliyofuata nikampigia kuuliza kuhusu ule mpango wa bima. Nikihitaji fedha mwaka wa tatu, mathalani figo zikigoma? "Kuna makato kidogo, Mwalimu." Kidogo ni shilingi ngapi? Akasema atanitumia jedwali. Alilituma, nampongeza kwa hilo, na kwenye mstari wa mwaka wa tatu kiasi ambacho ningerudishiwa kilikuwa pungufu ya nilichoweka. Nikamwuliza kamisheni yake kubwa inatoka wapi, kwenye vipande au kwenye mpango. Akacheka kile kicheko cha mwanafunzi aliyekamatwa na kibomu cha mtihani. Kwenye mpango. Leseni yake nayo ilikuwa ya uwakala wa bima. Katika orodha ya washauri wa uwekezaji wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, orodha ambayo iko wazi kwenye tovuti yao, sikuliona jina lake wala la kampuni.

Simchukii. Ana watoto, na mwajiri wake amempangia malengo ya mwezi. Nilimwambia tu kwamba mwalimu wake hatasaini.

Sasa wengine mtasema, basi Mwalimu, si ungefanya mwenyewe? Nilijaribu. Nilikwenda benki yangu kuuliza habari za hatifungani za serikali, na kusema kweli walinihudumia vizuri: fomu ya akaunti ya CDS, ile inayotunza kumbukumbu za hatifungani zako, nakala ya kitambulisho cha NIDA, picha, maelezo kwamba mtu binafsi anaweza kuanza na shilingi milioni moja, na kwamba riba huingia kila miezi sita. Ila nilipouliza, "Kwa umri wangu niweke ngapi, na ya miaka mingapi?" yule binti wa dirishani akanishauri akaunti ya muda maalumu. Ya benki yake, bila shaka. Ukimuuliza muuza samaki mboga gani inafaa leo, unajua atakachojibu.

Muuguzi mmoja mstaafu tunayesali naye akaniambia kuna mama Dar es Salaam, ana leseni, hauzi kitu chochote, anakulipisha kwa kikao. Shilingi laki mbili, saa moja na nusu. Nikampigia. Akauliza swali moja tu: "Una mke, Baba? Basi njoo naye."

Mama watoto hakupendezwa. "Laki mbili kwa kuongea? Si uongee na mimi hapa bure?" Hoja yake ilikuwa na uzito. Tukapanda treni ya umeme, elfu kumi na tatu kila mmoja kwenda, elfu kumi na tatu kurudi, bajaji pembeni. Kikao kile kilinigharimu zaidi ya laki mbili na nusu, na natamka wazi kwamba sijawahi kununua kitu kwa faida kubwa namna ile.

Nilikwenda na bahasha ya karatasi na maswali kumi na saba yaliyopangwa kwa namba. Mama yule, umri wa binti yangu wa kwanza, akaisogeza bahasha pembeni bila kuifungua. "Baba, unadaiwa wapi?"

Nikasema sidaiwi popote, isipokuwa kile kimkopo cha SACCOS, kama milioni sita hivi, kinakwenda taratibu.

"Riba?"

"Moja na nusu kwa mwezi."

Akanyamaza akinitazama. Mwalimu wa hesabu, miaka 34. Moja na nusu mara kumi na mbili. Nilikuwa nimekesha siku tatu nikitafuta pa kupata asilimia 12, huku nikitoa 18 kwa hiari yangu upande wa pili. Mama watoto aliinama akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Alikuwa anacheka.

Kwa kuwa nilijiona naelewa hatifungani, nikamwambia nataka ya miaka 25 maana ndiyo yenye riba kubwa. Akaniuliza nitakuwa na miaka mingapi ikikomaa. Themanini na tano. Akanieleza jambo ambalo sikuwa nimelijua, pamoja na hesabu zangu zote: kwamba huna haja ya kungoja uzee huo, unaweza kuiuza kwa mtu mwingine kupitia soko la hisa la Dar, ila bei yake haikai palepale. Mwaka 2021 hatifungani ya miaka 25 ilipoanza kutolewa, riba yake ilikuwa asilimia 15.95. Mwaka 2022 mpya zikatolewa kwa 12.56. Aliyeshika ile ya 15.95 akawa ameshika mali, kila mtu anaitaka, anaweza kuuza zaidi ya mia kwa kila mia. Geuza hadithi: ukinunua ya 12 leo, kesho zikaja za 15, nani atakupa mia nzima kwa hiyo yako? Ukilazimika kuuza siku hiyo kwa sababu ya ada ya chuo, utauza kwa hasara. Kwa hiyo swali la ya miaka mingapi linategemea fedha ambayo hutaigusa kabisa ni ipi. Nilikaa nikaipiga kichwani, ikakubali.

Kisha akamgeukia mke wangu. Hadi hapo nilidhani kaitwa kwa heshima.

"Mama, fedha hizi ziko tawi gani?"

Kimya. Mke wangu alijua benki, hakujua tawi. Hakujua namba ya akaunti. Hakujua kwamba mwaka 2008 nilinunua hisa kidogo ambazo hati zake ziko kwenye bati la biskuti juu ya kabati. Miaka 31 ya ndoa, mtu anajua kila tembe ninayomeza na saa ninayoimeza.

"Baba akiondoka kesho, utaanzia wapi?"

Hapo sikuwa na jibu la kumsaidia. Nilimkumbuka kaka yangu aliyefariki 2016. Kikao cha ukoo, muhtasari, msimamizi wa mirathi, Mahakama ya Mwanzo, nenda rudi, barua hii imekosa muhuri, na wifi yangu mjane akikopa nauli ya kwenda kufuatilia fedha ambazo zilikuwa zake. Nililiona jambo hilo kwa macho yangu, nikachangia nauli mara mbili, na bado nilirudi nyumbani nikaendelea kuficha bati la biskuti.

Yule mama akatuandikia kwa mkono, ukurasa mmoja na nusu: kwanza lipeni SACCOS, vipande vifunguliwe kwa majina mawili, akaunti itakayopokea riba ya hatifungani iwe ya wote wawili, nani ameandikwa mrithi kwenye kila fomu, na namba zote kwenye daftari moja ambalo kila mmoja anajua liko wapi. Kuhusu mfuko gani hasa tununue alitumia dakika kama kumi. Alisema fedha ya dharura ikae kwenye Ukwasi, mfuko mwingine wa UTT, kwa sababu unaitoa upesi, na nisipoteze usingizi kutafuta mfuko unaozidi mwenzake kwa nusu asilimia.

Treni ilipoondoka Dar mama watoto alikaa dirishani bila kusema kitu. Tukapita Pugu, tukapita Soga, tukapita Ruvu. Karibu na Ngerengere akasema, "Kumbe tuna hela." Kisha, baada ya muda, "Hizo hisa ni za nini?"

Tuligawa hivi: milioni 6 za SACCOS, 30 kwenye hatifungani ya miaka 20 kupitia benki, kwa zabuni isiyo ya ushindani, yaani unakubali bei itakayotoka mnadani, ili nisijifanye najua bei kuliko mnada, 20 kwenye vipande, sehemu Ukwasi, sehemu Umoja, 10 zikamalizia paa na choo cha ndani, kilichobaki kikaenda duka la mama watoto, ambalo mpaka sasa ndilo linalozaa asilimia kubwa kuliko vyote, ila anakataa nisiingize pua kwenye daftari lake.

Haki itendeke kwa upande wa pili. Mwenzangu aliyefundisha historia, tulistaafu mwaka mmoja, analipa mshauri mwenye leseni asilimia moja na nusu kwa mwaka. Nilimpigia hesabu hadharani, kijiweni, kwenye kahawa: kwa milioni 60 zake ni laki tisa kila mwaka. Akacheka. "Bila yule binti, ningekuwa na Fuso bovu na shemeji asiyepokea simu." Namfahamu miaka mingi, hajawahi kumnyima ndugu kitu. Sasa wakija anasema, "Fedha iko kwa mshauri, hadi ombi liandikwe," nao wanachoka njiani. Analipia ukuta. Kwa mtu wa aina yake laki tisa si ghali, na nimeacha kumtania. Ingawa nimemwambia ukuta unajengwa mara moja na fundi hulipwa kwa kazi, wala halipwi kwa thamani ya vilivyomo ndani ya nyumba. Amuombe kiwango cha shilingi. Bado hajamwomba.

Wanafunzi wangu wa zamani wanaokaribia kustaafu, na sasa wako wengi, wakinipigia nawaambia wamwulize mshauri aandike kwa shilingi, si kwa asilimia, atachukua ngapi mwaka wa kwanza na mwaka wa tano. Kisha wamwulize: siku nikisaini, nani mwingine anakulipa? Asipotaka kuandika, umeshajibiwa. Leseni nayo kaiangalie mwenyewe CMSA, usionyeshwe kwenye simu yake.

Novemba tunarudi Dar kwa kikao cha pili. Nimeshaweka laki mbili pembeni, na safari hii mama watoto hajalalamika nauli. Daftari la maswali liko juu ya friji, yeyote anayekumbuka kitu anaandika. Mpaka leo asubuhi yalikuwa tisa. La kwanza si mwandiko wangu: "Nikitangulia mimi, duka liandikwe kwa nani? Yeye hajui bei ya sukari."